Kikombe Kinachorudi Kimejaa

Jumanne, 2 Septemba

Bado tuko kwenye «take». Wiki ya tatu. Neno la herufi nne, na limekataa kuisha. Waingereza wanalitumia kama mtu mvivu anavyotumia kisu kimoja kukata nyama, kitunguu na kucha. Kitabu ni «take», dawa ni «take», basi ni «take», mke ni «take». Sisi tunachukua kitabu, tunakunywa dawa, tunapanda basi, tunaoa mke. Nilimwambia Efraimu kwamba lugha isiyotofautisha kumeza na kuoa ina kasoro. Alicheka. Akasema, "Mwalimu, hii Kiswahili yako inanichapa fimbo." Nikamsahihisha: Kiswahili hiki chako kinanichapa. Akacheka tena.

Kamusi hii ya shule tumepewa sisi wawili, mimi upande wa Kiswahili, yeye upande wa Kiingereza. Mimi nilisomea ualimu Tanzania. Yeye alikulia Uganda. Kila Jumanne na Alhamisi anatoka kwake mtaa wa Kacyiru kuja kwangu mtaa wa Biryogo. Tunakaa chumba cha mbele, mlango wazi, na nje kibarazani ndipo ulipo mgahawa wa binti yangu Mariamu.

Jambo moja. Mariamu alileta chai. Nilimimina kikombe cha Efraimu, nikaonja mimi kwanza mbele ya macho yake, kama mwenye nyumba anavyopaswa, nikampa. Alikiacha mezani. Alisema ameshakunywa kwake. Kikombe kilirudi jikoni kimejaa.

Pengine kweli alikuwa amekunywa.

Alhamisi, 4 Septemba

Kimerudi tena kimejaa.

Chai ya tangawizi, ile anayoipenda. Mwaka jana alikuwa akimaliza vikombe viwili na kuomba cha tatu kwa macho. Leo alikitazama kama mtu anayetazama mbwa asiyemjua. "Asante, nimeshiba." Saa nne asubuhi. Ameshiba nini?

Na si hilo tu. Hakunipa mkono alipoingia. Alisimama mlangoni, mkono mfukoni mwa koti, akasema, "Mwaramutse, Mwalimu," akakaa. Tumefahamiana miaka mingi. Hajawahi kunisalimu kwa mdomo mtupu. Tena hakuandika. Kadi zote za kamusi niliziandika mimi. Anasema mwandiko wangu ni mzuri kuliko wake. Ni kweli. Lakini ulikuwa mzuri hata mwezi wa Juni, na mwezi wa Juni aliandika.

Tulimaliza «take» ya picha, ambayo sisi hupiga, ya mtihani, ambao sisi hufanya, na ya kiapo, ambacho sisi hula. Hilo la kiapo lilimshangaza. Nilimweleza kwamba kiapo cha uongo hukaa tumboni na kuchoma. Alikuwa anatazama kikombe.

Ijumaa, 5 Septemba

Nilipotoka msikitini Zabibu alinisubiri. Ni fundi cherehani, tunatazamana mlango kwa mlango. Pini mdomoni, na bado anasema.

"Mwarimu, yule rafiki yako wa Kacyiru hapana kunywa tena? Iko nini mu hiyo chai?"

Wanawake waliokuwa wakingojea nguo zao walicheka. Nilimjibu kwamba mimi si Mwarimu, ni Mwalimu, nikapita. Jibu baya. Mtu asiye na la kuficha angejibu swali.

Sumu. Ndilo neno ambalo hakulitamka. Hapa hakuna haja ya kulitamka. Mwanamke mmoja aliyekuwa akipika kule juu Nyamirambo alifunga jiko kwa sababu mteja mmoja aliugua tumbo na jirani mmoja akainua nyusi. Hakuna aliyemshtaki. Watu waliacha tu kwenda. Mariamu hana kazi nyingine. Tangu afiwe na mume, masufuria yale ndiyo yanayolisha watoto wake. Yananilisha na mimi.

Nimefikiri sana Efraimu anaamini nini. Mwezi wa Julai aliugua, akakaa wiki mbili bila kuja. Alisema ni malaria. Siku chache kabla ya hapo alikuwa amekula pilau hapa kwetu. Mimi sikuyaunganisha mambo hayo mawili. Yeye ameyaunganisha.

Jumanne, 9 Septemba

Nimefanya jaribio. Nilitoa kabatini vikombe vya marehemu mke wangu, ambavyo havitoki ila siku ya Idi. Nikavisuuza mbele yake. Nikamimina vyote viwili kutoka chupa moja ya chai. Nikamwambia achague. Mtu mzima kumwambia mtu mzima achague kikombe! Nilijidharau nikiwa bado ninasema.

Akajibu, "Leo nimefunga, Mwalimu. Kanisa letu liko katika maombi."

Kanisa gani linafunga Jumanne? Sizijui desturi zao zote. Ninachojua ni kwamba hakunitazama usoni.

Kadi za leo: twaa, pokea, teka, nyakua, nyang'anya. Mwingereza anaweza kuyavisha yote hayo «take» asione tofauti. Kwetu mpokeaji na mnyang'anyi hawalali kitanda kimoja. Nililisema hilo kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. Efraimu alikuwa ameukalia mkono wake wa kulia. Ameukalia kabisa, chini ya paja, kama mwanafunzi aliyeficha karatasi ya majibu.

Nimefundisha miaka mingi. Ninamjua mtu anayeficha.

Alhamisi, 11 Septemba

Hakuja. Alimpigia simu Mariamu, hakunipigia mimi. Mariamu alitoka nje kuzungumza naye. Nilimwuliza amesema nini. "Kasema ana shughuli, Baba." Mazungumzo marefu kwa neno fupi hivyo.

Kwa kuwa nilikuwa na nafasi, nilipeleka kadi Kiyovu mwenyewe, kwa mchapishaji wetu. Shughuli ya Efraimu ilikuwa huko huko. Ameketi bustanini na yule mama mhariri, viti wamevisogeza, wanazungumza chini chini. Mbele yake gilasi ya juisi, imefika nusu, na ndani yake mrija wa karatasi. Mrija! Kama mtoto, au kama walevi waliouzunguka mtungi wa pombe ya ndizi.

Kumbe kiu anayo. Kwangu anafunga, Kiyovu anafungulia.

Niliwaachia kadi mlangoni, kwa mlinzi. Sikuwasalimu. Nilipokuwa ninageuka nilisikia jina langu. Nina hakika nilisikia jina langu. Ndiyo hivyo basi. Amengoja niandike kadi zote kwa mkono wangu, sasa anataka kazi iwe yake. Na sababu anayo tayari. Atasema hawezi kufanya kazi katika nyumba asiyoweza kunywa hata maji yake. Nani atambishia? Vikombe vimeonekana vikirudi vimejaa.

Jumamosi, 13 Septemba

Vijana wawili wameagiza soda kibarazani wakataka zifunguliwe mbele yao. Mariamu alizifungua akiwatania. Mimi sikuona cha kuchekesha. Alasiri akamwaga nusu ya birika. Nilimwuliza kama wateja wamepungua.

"Baba, ni joto tu. Nani anataka chai ya moto na jua hili?"

Anajifariji. Mama yake alikuwa hivyo hivyo. Nyumba ingeungua, angesema leo kuna joto.

Jumanne, 16 Septemba

Amekuja. Chai sikuimimina. Sikutaka kumpa nafasi ya kuikataa.

Tulifanya kazi kama makarani wawili wa ofisi mbalimbali. «Take off»: mtu huvua, ndege huruka. «Take after»: mtoto hufanana na mzazi. «Take in»: akanieleza kwamba Mwingereza hulitumia neno hilohilo kwa kumpa mtu hifadhi nyumbani mwako na kwa kumdanganya. Alinieleza bila kupepesa. Niliandika karibisha, nikaandika na danganya, nikamsogezea kadi aithibitishe kwa sahihi yake. Hakuishika kalamu. Akasema, "Iko sawa, Mwalimu, mimi nakuamini."

Wewe unaniamini mimi.

Nimeamua. Jumamosi baada ya swala ya alasiri kichochoro hujaa watu. Nitamkaribisha nje, kibarazani, mbele ya Zabibu na kila mwenye mdomo. Nitaonja, nitampa. Akinywa, maneno yamekwisha, na binti yangu atauza chai yake kwa amani. Akikataa, nitamwuliza mbele ya watu nyumba yangu imemkosea nini. Nilimwambia tutakutana nje kwa sababu chumba cha mbele kinapakwa rangi. Hakuna rangi. Nimesema uongo kwa Kiswahili sanifu kabisa.

Jumamosi, 20 Septemba

Nitaandika kwa mpangilio, nisije nikajipendelea.

Alifika baada ya alasiri. Koti, shati jeupe, mkono mfukoni. Kibaraza kilikuwa kimejaa. Zabibu alikuwa ameivuta cherehani yake hadi ukingoni mwa barabara, anashona na kutazama. Nilimkalisha Efraimu katikati. Mariamu aliponiona ninashika birika alikuja haraka. "Baba, mwache mgeni apumzike kwanza." Alikuwa ananiomba kwa macho. Nikamwambia arudi jikoni.

Nilimimina hadi chai ikafika kwenye mdomo wa kikombe. Kwa makusudi. Nikaonja. Nikasimama, nikamnyooshea kikombe kwa mikono miwili, nikasema ili kila mtu asikie: "Mgeni wa nyumba hii hunywa."

Cherehani ya Zabibu ikasimama.

Efraimu alinitazama. Kisha akamtazama Mariamu aliyekuwa bado amesimama mlangoni, kisha wateja, vikombe vyao, kisha tena mimi. Nadhani hapo ndipo alipoelewa yote. Angeweza kusema amefunga. Angeweza kusema ameshiba. Akautoa mkono mfukoni.

Ulikuwa ukitikisika kabla haujagusa kitu chochote. Peke yake, bila kukoma, kama mkono wa mtu anayepepeta mchele. Akakishika kikombe kwa mikono yote miwili na chai ikaanza kumwagika. Kwenye vidole. Kwenye shati. Kwenye suruali. Ilikuwa imetoka jikoni wakati ule ule. Hakukiachia. Alikipandisha polepole hadi mdomoni, kikagonga meno yake, kikagonga tena. Sauti ile ningali ninaisikia. Akanywa kilichobaki, chote.

Kisha akawaambia watu, si mimi: "Chai ya mtoto wetu iko sawa kabisa. Ni hii mikono yangu ndio imeharibika."

Sikumsahihisha.

Zabibu ndiye aliyeruka barabara na kitambaa, akapiga magoti, akaanza kumfuta vidole huku akimwambia, "Pole, Muzehe, pole." Mimi nilikuwa nimesimama na birika.

Jumapili, 21 Septemba

Mariamu alijua tangu Julai. Haikuwa malaria. Hospitali walimwambia Efraimu ni maradhi ya kutetemeka, hayaponi, yataongezeka. Mariamu alimkuta siku moja chumba cha mbele, mimi nikiwa msalani, anafuta chai iliyomwagika mezani kwa leso yake. Efraimu alimwomba asiniambie. Ile simu ya Alhamisi ilikuwa hiyo hiyo: alimsihi tena anyamaze.

Nilimwuliza kwa nini nifichwe mimi.

"Wewe Baba unamsahihisha hata akisema habari za asubuhi. Hakutaka umwone na kosa ambalo hawezi kulisahihisha."

Alisema hivyo akiosha vikombe. Hakugeuka.

Kumwuliza mtu "Una nini?" ni maneno mawili. Sikumwuliza. Nilimpima, nilimtega, nilimhukumu, na yote hayo yalikuwa rahisi kwangu kuliko kumwuliza.

Jumanne, 23 Septemba

Hakuja. Mvua ya kwanza imenyesha, vumbi limelala. Kadi ziko mezani. Sikuandika hata moja. Niliweka vikombe viwili kwa mazoea, nikakirudisha kimoja kabatini.

Kibaraza kilijaa, kwa ajili ya baridi. Birika liliisha saa kumi. Joto lilikuwa joto tu.

Alhamisi, 25 Septemba

Nimekwenda Kacyiru. Alifungua mlango mwenyewe. Nilimnyooshea mkono. Aliurudisha wake nyuma. Nikangoja, mkono wangu umenyooka. Akautoa. Niliushika ukatikisika ndani ya wangu kama kifaranga, na sikuuachia upesi.

Nilikuwa nimetayarisha maneno tangu jana. Sentensi ndefu, zenye mpangilio. Zote zilinitoka kichwani. Nilisema, "Nisamehe, Efraimu. Nilikushuku."

"Ulinishuku nini?"

Nikamweleza yote. Pilau ya Julai, sumu, kadi, bustani ya Kiyovu. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akacheka hadi akakohoa. "Mimi? Niibe kadi za Kiswahili? Nizisome na nani?"

Halafu akaacha kucheka. Kiyovu alikwenda kujitoa. Alimwambia mhariri kwamba hawezi tena kushika kalamu, jina lake liondolewe, jina la Mwalimu libaki peke yake juu ya kitabu. Basi nililisikia vizuri jina langu. Nilikosea mengine yote.

Hakusema amenisamehe. Alisema, "Ile chai ilikuwa ya moto sana, Mwalimu." Akanionyesha vidole. Vilikuwa na malengelenge.

Nilimwomba asijitoe. Yeye aseme, mimi niandike. Alijibu kwamba atafikiri. Hakunipa kitu cha kunywa. Nilistahili.

Jumamosi, 27 Septemba

Umuganda, ile kazi ya pamoja ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi, ulipokwisha na maduka kufunguliwa, nilikwenda soko la Kimironko. Mirija ya plastiki ilishapigwa marufuku nchini. Ya karatasi hulainika kwenye kitu cha moto. Nilijaribu nyumbani, ikawa kama uji. Nikamkuta mama mmoja anayesuka vikapu, anauza na mirija ya matete, ile mirefu inayotumika kwenye mtungi wa pombe. Sijawahi kuingiza chombo hicho nyumbani kwangu. Baba yangu asingekubali kipite hata karibu na mlango.

Aliitazama kofia yangu, akatazama mirija niliyoichagua. "Eh, Muzehe. Mtungi iko wapi? Tukuje saa ngapi?"

Wenzake walicheka sana. Nilimwambia ni ya chai. Wakacheka zaidi. Nilimwomba aikate iwe mifupi. Mariamu ameichemsha, ameianika dirishani. Nilimpigia Efraimu simu kumwambia kwamba Jumanne nitakuwepo nyumbani. Alisema, "Nimesikia." Basi.

Jumanne, 30 Septemba

Alikuja. Alichelewa, lakini alikuja. Alinipa mkono mlangoni.

Mariamu alileta vikombe viwili vizito, nusu nusu, chai imepoa kiasi. Mrija katika kila kimoja. Nilikisogeza cha Efraimu karibu yangu, nikaonja kwa mrija wake, kama wanavyopokezana watu wa mtungi, nikakirudisha mbele yake mezani. Alikitazama kwa muda. Mikono yake aliiacha mapajani, ikitikisika inavyotaka. Akainama, akanywa.

Zabibu alituona kutoka ng'ambo. "Mwarimu! Kumbe sasa ni urwagwa?"

"Ni chai, si pombe ya ndizi," nilimjibu. "Njoo uonje."

Alikuja kweli. Akaonja, akamwambia Mariamu tangawizi imezidi, akarudi kwenye cherehani yake.

Tulifanya «take» ya mwisho. Efraimu alisema watu wakilemewa na jambo husema hawawezi tena kuli-«take». Nikaandika vumilia, nikaandika stahimili. Nikaongeza chukuliana. Akauliza hilo ni neno gani. Nilimwambia ni watu wawili, kila mmoja anaubeba upungufu wa mwenzake. Akafikiri, akasema hana Kiingereza chake. Niliacha nafasi tupu upande wake. Mhariri atalalamika.

Mvua ilianza, tukaufunga mlango nusu. Mariamu akaja kukusanya vyombo. Changu kilikuwa bado na chai, nilisahau kunywa. Chake kilirudi jikoni kitupu.